Nice na Gari la Ijumaa Usiku

Mimi nauza ndoo na mabeseni Mtaa wa Narung'ombe, na sina subira na watu wa kompyuta. Ukiwapelekea tatizo wanakwambia uzime, uwashe. Binti Nice ndiye peke yake ninayemvumilia. Mchana hukaa dukani kwangu chini ya feni, viatu kavua, kompyuta kaiweka juu ya beseni lililopinduliwa, mkono mmoja una kachori. Nikilalamika kwamba anachukua nafasi ya mzigo, ananijibu kwamba mzigo ndio unaochukua nafasi yake.

Ndiye aliyeandika programu ya tiketi ya ofisi ya mabasi jirani yangu. Kilichomsumbua hakikuwa viti wala majina, bali saa. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, kompyuta inataka nane. Basi akaifundisha ipokee saa zetu na kuzigeuza yenyewe. Wenzake walimcheka, wakasema wateja wazoee saa za kimataifa.

"Sijaajiriwa kumfundisha mama wa watu saa," akawajibu.

Mabasi ya alfajiri na ya asubuhi yalikwenda vizuri, binti akawa anatembea kifua mbele. Kisha ikaingia Desemba, na sisi Wachaga Desemba mnatujua, wote tunarudi kwetu mlimani. Ofisi ikaongeza gari la usiku la kwenda Moshi, la kwanza likiwa la Ijumaa usiku, saa nane.

Ijumaa hiyo mchana mama Josepha, anayeuza vitenge ng'ambo ya barabara, aliingia kwangu analia. Kaka yake mkubwa, aliyemlea yeye tangu mdogo, alikuwa anazikwa Marangu, mbele kidogo ya Moshi, kesho yake. Tiketi alikuwa nayo kwenye simu. Alikwenda kuulizia mahali pa kupandia, na Beno, kijana wa dirishani, akamwambia gari lake limeshaondoka na mengine yote yamejaa.

"Rogath mwanangu, msiba umenichanganya, lakini hesabu ya siku sijaipoteza," alisema.

Nilipandwa na hasira. Nice alivaa viatu akatutangulia ofisini. Beno wala hakuwa mkaidi, alitugeuzia kioo cha kompyuta tukasoma wenyewe: Safari imepita.

"Gari lenyewe liko wapi?" Nice aliuliza.

Beno akampigia dereva. Gari lilikuwa Buguruni kwa fundi, linabadilishwa matairi.

"Sasa limeondokaje na liko Buguruni?" nilifoka.

"Labda mtandao unasumbua, bro."

Nice hakugusa kompyuta. Hiyo ndiyo desturi yake: kabla ya kufungua programu, anataka mtu aliseme jambo kama anavyolisema nyumbani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hili gari, ungemwambia mwanao linaondoka lini?"

"Ijumaa usiku, saa nane."

"Na mkipambazukiwa njiani itakuwa siku gani?"

"Jumamosi. Kwani kuna nyingine?"

Nice akashika kichwa. Kwetu usiku ukiingia Ijumaa unabaki wa Ijumaa mpaka jogoo awike, lakini kompyuta inabadili tarehe usiku wa manane. Saa nane aliigeuza sawasawa ikawa mbili, ila tarehe aliiacha palepale. Kwa hesabu ya kompyuta, gari liliondoka Ijumaa kabla hata hakujapambazuka, na abiria wote wameachwa. Mabasi ya alfajiri hayakumuumbua kwa sababu alfajiri kila mtu anaihesabu kuwa ya siku mpya.

Mlango wa kutokea alikuwa nao, Beno alishamfungulia. Hapa Bongo mtandao unabeba dhambi za watu wengi. Nice akachuchumaa mbele ya kiti cha mama Josepha.

"Mama, mtandao haujafanya kitu. Nimekosea mimi. Kiti chako nakirudisha sasa hivi, nisamehe."

Sijawahi kumsikia mtu wa kompyuta akisema hivyo mbele ya mteja. Mtu mzima mimi nikajikuta naangalia ukutani.

Alikaa palepale dirishani akarekebisha: saa za baada ya usiku wa manane, tarehe isogee mbele. Kisha akaongeza mstari kwenye kila tiketi. Ya mama Josepha ilipoingia upya kwenye simu yake, mwenyewe aliisoma kwa sauti: "Usiku wa kuamkia Jumamosi."

"Enhe, sasa hapo mmesema," alisema mama, akajifuta machozi.

Abiria wengine wa gari hilo nao walikuwa wamefukuzwa dirishani tangu asubuhi. Beno alijitolea kuwapigia, Nice akakataa, akawapigia mwenyewe mmoja mmoja. Walimtukana. Mmoja nilimsikia mpaka nje. "Ni kweli, baba, kosa langu," Nice alimjibu. "Naomba uje upande." Aliendelea hivyo mpaka sauti ikamkauka.

Jumamosi jioni simu yangu iliita, mama Josepha huyo, akipiga kutoka Marangu. Nikampa Nice asikie mwenyewe.

"Binti yangu, tumewahi. Nimemtupia kaka yangu udongo kwa mkono wangu huu."

"Pole sana, mama," Nice alisema. Akanirudishia simu, akainamia magoti yake, akalia kwa sauti kama mtoto. Mlangoni palikuwa na mteja anataka ndoo za jumla. Nikamwambia arudi baadaye.