Sodiamu Imekuja na Nani?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kana kwamba naiona. Ni siku baba yangu mdogo, Magesa, alipotuletea chumvi kutoka Bunda. Nasema chumvi kwa sababu ndivyo tulivyoiita mpaka bibi yangu alipofungua kinywa.

Miaka ile nyinyi hamjazaliwa. Maduka ya Musoma yalikuwa na rafu tupu, na muuzaji nyuma yake anapiga miayo. Sukari, sabuni, chumvi, vyote vilikuja kwa magendo kutoka mpakani. Na magendo yalikuwa na adabu zake: unapokea kitu chini ya kanga, unatoa ulicho nacho, unaondoka. Anayeuliza maswali anaonekana mpelelezi. Basi Baba Mdogo alibadilisha dagaa wake kwa kifurushi cha karatasi nzito, akarudi kijijini kwetu, huku upande wa Nyegina, bila kuuliza hata neno moja.

Nyumbani tulikuwa na mgonjwa. Mdogo wangu Nyangeta alikuwa ametoka kuugua malaria, na kila akipewa mchuzi wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, usio na chumvi, anageukia ukutani. Alikonda hata mama akawa anaogopa kumtazama akilala. Kwa hiyo kifurushi kilipofunguliwa na vile vipande vyeupe vikaonekana, mama alitokwa na machozi palepale jikoni.

Mimi nilikuwa likizo, kidato cha pili, na unajua mtu wa kidato cha pili anavyojiona. Kwenye karatasi palikuwa na neno moja tu la Kiingereza lililosalia, mengine yamechanika: Sodium.

"Ni yenyewe!" nikasema. "Sodiamu ndiyo ya kwenye chumvi. Tumesoma."

Mama akachota kijiko, akakielekeza kwenye sufuria. Bibi, aliyekuwa anachambua mchicha pembeni, akauliza, "Hiyo sodiamu huwaga inatembea yenyewe?"

Nikacheka. "Hapana, Bibi. Ikiwa yenyewe, ukiitia majini inawaka moto. Lazima iwe na mwenzake."

"Haya. Hii imekuja na nani?"

Kijiko cha mama kikabaki hewani. Bibi hakuwa ananitega, mwanangu. Alikuwa anataka kujua kweli, kama alivyotaka kujua kila kitu, hata redio sauti inakaa wapi. Lakini mimi niliichukua tena ile karatasi, nikatafuta jina la pili; lilikuwa limechanika. Nilijua sodiamu ikiwa na klorini ni chumvi. Nilijua pia inaandamana na wengine, na mwalimu alikuwa ametuonya kuhusu mmoja wao, kwamba wakiwa pamoja huunguza, na wakitiwa majini maji hupata moto.

Nikamwomba mama asubiri. Nikatia maji kwenye kikombe cha bati, nikadondosha vipande vichache, nikakoroga kwa kijiti. Chumvi ukiikoroga, maji hubaki yalivyo. Haya yalianza kupata moto. Baba Mdogo akashika kikombe kwa nje, akakiachia haraka.

"Mbona hakijakaa motoni?" akasema, na akakaa chini bila kutafuta kigoda.

Yalikuwa magadi makali ya kupikia sabuni, yale yanayounguza koo na tumbo. Mama alirudisha kijiko polepole, kisha akaenda kumkumbatia Nyangeta, ambaye hakuelewa kitu na alilalamika kuwa anabanwa.

"Mjini hatuulizagi," Baba Mdogo akajitetea.

"Basi muanze," Bibi akasema. "Kuuliza si ujinga. Na wewe msomi, jina la kwanza umelijua. La pili je?"

Shule ilipofunguliwa nilimbana mwalimu mpaka akanieleza vizuri. Sodiamu ina elektroni moja isiyotulia. Ikimpa klorini, sodiamu inabaki ayoni yenye chaji chanya, klorini inakuwa ayoni yenye chaji hasi, na wawili hao wanashikana kuwa chumvi. Lakini ayoni ileile ya sodiamu ikishikana na haidroksidi, yaani oksijeni na haidrojeni waliofungamana wakabeba chaji hasi, unapata kitu cha kuunguza. Sodiamu haikubadilika. Aliyebadilika ni mwenzake. Nilishangaa sana, na mshangao huo ndio ulionifanya nikasomea mambo haya.

Mchuzi ule Nyangeta aliunywa kwa ndimu. Magadi hatukuyatupa, Bibi na mama waliyapika na mafuta ya ng'ombe, tukafulia sabuni yake.

Ninachokuusia ni hiki. Ukiletewa kitu, rafiki, mchumba, hata habari, usiridhike kwa kuwa jina la kwanza unalifahamu. Uliza limeandamana na nani. Uliza hata kama desturi ya mahali ni kunyamaza, hata kama njaa inakuharakisha, maana haraka haraka haina baraka. Na ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha katafute.

Nyangeta ameolewa Butiama, ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani kwao. Kila nikimsikia akipandisha sauti, nakiona kile kijiko juu ya sufuria. Mungu akujalie ulimi wa kuuliza kabla ya kuonja, mwanangu, na mezani kwako asikose mtu wa kukuuliza wewe.