Picha ya Krismasi ya Kitangari

Kazi yangu hapa Masasi ni kuwachorea watu nyumba kabla hazijajengwa. Mtu anakuja na vipimo vya kiwanja chake, namchorea ramani, halafu ndani ya kompyuta naisimamisha nyumba nzima, kuta, bati na madirisha, naiwekea jua na kivuli mpaka inaonekana kama imepigwa picha. Kwetu ni Njombe. Nilikuja huku kwa kazi ya miezi sita, na huu ni mwaka wa tisa.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa Novemba, aliingia ofisini dada mmoja muuguzi anayeishi Ndanda. Nilidhani anataka kujenga. Akaniambia nyumba anayoitaka ilishaanguka zamani. Ilikuwa nyumba ya wazazi wake kule Kitangari, wilayani Newala, ya miti na udongo, ikabomoka kwa mvua wakati yeye yuko chuoni, na hakuna aliyewahi kuipiga picha. Mama yake sasa anaishi kwenye nyumba ya matofali, palepale kiwanjani.

"Nataka umrudishie ile ya zamani," akasema. "Iwe asubuhi ya Krismasi. Sisi watoto watatu tumevaa nguo mpya, mama yuko jikoni nje, baba amekaa barazani na redio yake. Nitamtundikia mama sebuleni."

Nikauliza baba yuko wapi. Akasema alifariki, yeye dada akiwa darasa la sita. Akatoa picha ndogo ya kitambulisho, imefifia kiasi kwamba macho yalikuwa madoa mawili tu. Nikamweleza kuwa sura siwezi kuitengeneza ifanane, ila naweza kumkalisha ubavu, aonekane shati, mguu na redio. Akakubali. Kwenye karatasi alinichorea mlango ulipokuwa, jiko, na njia ya kutoka barabarani.

Nyumba yenyewe haikunisumbua. Nilipofika kwenye mapambo nikafanya uvivu. Kwenye kompyuta kuna vitu vilivyokwisha tengenezwa, unavichukua na kuvipachika. Nikachukua mti wa Krismasi wa kijani, ule uliochongoka, wenye vitaa na nyota juu. Ndani ya nyumba nikawasha taa za rangi ya chungwa ili madirisha yang'ae, kama kwenye kadi zinazouzwa mjini. Nyumba nikaiweka katikati kabisa ya picha. Niliona imependeza.

Jumamosi moja tukaenda Kitangari, mimi na yule dada, kumwonyesha mama yake kabla sijamaliza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, fundi."

Nikafungua kompyuta juu ya meza. Bibi akainama, akatazama muda mrefu. Akamwambia binti yake kitu kwa Kimakonde, binti akacheka kwa aibu.

"Anauliza hapa ni wapi," dada akaniambia.

"Ni hapa bibi, nyumbani kwako."

"Na huu mti?"

"Mti wa Krismasi."

Bibi akanishika mkono, akanitoa mpaka mlangoni. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mkrismasi umechanua, mwekundu kuanzia juu mpaka matawi ya chini. Nimeupita mti wa aina hiyo kila Desemba tangu nije huku. "Mti wa Krismasi ule pale," akasema. Tukarudi ndani. "Na huu moto ndani ya nyumba, nani kauwasha? Nyumba yangu ndani ilikuwa giza. Mwanga ulikuwa nje. Mvua imenyesha usiku, asubuhi jua limetoka, udongo umelowa, mwekundu. Ukuta wenyewe ulikuwa unaiva mpaka kule juu chini ya makuti."

Nilijisikia vibaya kidogo, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Jua likipiga ardhi, ardhi hurudisha mwanga pamoja na rangi yake. Najua hivyo, na ninawafanyia wateja kila siku. Lakini nilipoambiwa sikukuu, akili yangu ilikimbilia kwenye kadi.

Dada akatoka kwenda dukani kutuletea soda. Alipofika mbali, bibi akasogeza kiti karibu na changu.

"Huyu aliyekaa barazani."

"Ni baba yao, bibi."

"Najua. Krismasi hakuwahi kukaa hapo." Alisema kama mtu anayenirekebishia kipimo cha dirisha. "Alikuwa na mke mwingine Newala mjini. Sikukuu alikuwa anakula kule. Hapa alikuja Januari, na hiyo redio."

Nikamuuliza kama nimtoe.

"Usimtoe. Mwanangu anamwona pale. Na pale alikuwa anakaa kweli, ila siku hiyo tu ndiyo hakukaa." Akapitisha kidole juu ya picha nzima. "Lakini kuna mtu umemsahau. Nyumba ya pili kutoka hapa kuna jirani mwenzangu, yeye ni Mwislamu. Kila Krismasi alishuka bondeni alfajiri akaniletea maji, ili mimi niwahi misa ya alfajiri na watoto; nikirudi nikiwasha moto, naye anafika na maji ya kupikia. Na Idi nilishuka mimi kwa ajili yake. Maji yalikuwa mbali wakati ule, hujui wewe. Huyo alikuwepo. Mweke."

Dada akarudi na soda. Bibi akaanza kuniuliza habari za Njombe.

Nilianza upya. Kwenye programu ninayotumia unaweza kuiambia kompyuta mahali, tarehe na saa, nayo inaliweka jua pale lilipo kweli. Nikaandika Newala, tarehe ishirini na tano Desemba, saa tatu asubuhi. Jua likaja kutoka kushoto, halijapanda sana. Nikazima taa zote za ndani. Ardhi nikaipaka wekundu wa udongo uliolowa, na ukuta, bila mimi kuugusa, ukaiva kuanzia chini kwenda juu kama bibi alivyosema. Mti uliochongoka nikaufuta, nikapanda mkrismasi nyuma ya jiko.

Kumpata yule jirani ilibidi nivunje mpangilio wote. Nyumba ikiwa katikati, njia ilikuwa haionekani. Nikaisukuma nyumba kulia, njia ikafunguka kushoto, naye akawa anaingia nayo, ndoo ya bati kichwani, majani yameelea juu ya maji yasimwagike. Baba alibaki barazani, chini ya makuti. Na kwa saa ile, baraza lote lilikuwa kivulini.

Hapo nilikaa sana. Ningelirudisha jua nyuma nusu saa, mwanga ungeingia chini ya makuti na kumfikia shatini. Nilijaribu, nikaona inawezekana. Halafu nikalirudisha saa tatu, nikaiacha kompyuta ihesabu mwanga. Ilichukua siku mbili kwa sababu umeme ulikuwa unakatika.

Dada alipokuja kuiona, alianza kwa kuwatafuta watoto. Akamtambua mdogo wake kwa gauni la njano. Kisha akauliza, "Mbona mama wa jirani ndiye anayeng'aa? Baba yuko gizani."

"Jua la saa tatu linatoka upande ule, dada."

Akatazama tena. "Ni kweli, alikuwa anatuletea maji," akasema polepole. "Nilikuwa nimesahau kabisa." Kisha akasema, "Na baba alipenda kivuli."

Nilichomwambia kuhusu jua kilikuwa kweli. Hata hivyo nilishindwa kumtazama usoni, nikajifanya nahangaika na waya wa printa.

Tuliipeleka Kitangari siku mbili kabla ya sikukuu, ikiwa kwenye fremu. Bibi alikuwa amemwita yule jirani yake. Alikuja mwanamke mrefu, ameinama kidogo mgongo, akavaa miwani yake na kuisogelea picha mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mimi huyu? Nilikuwa mwembamba hivi?"

"Ulikuwa mwembamba kuliko hivyo," bibi akasema, wakacheka wote wawili.

Kidole cha yule mama kikapita juu ya ndoo, juu ya watoto, kikafika barazani, kikasimama. Akageuka kumtazama bibi. Bibi akamtazama na yeye. Dada alikuwa amepanda kiti anapima mahali pa msumari, hakuwaona.

"Amekaa vizuri," yule jirani akasema.

"Eeh," bibi akajibu. "Amekaa vizuri."

Nikawashauri wasiitundike kwenye ukuta unaotazamana na dirisha kwa sababu jua litakula rangi. Dada akashuka, akahamishia kiti ukuta wa pili, nikamshikia msumari.