Kitunga Nilichokisukuma Pale Mpofi

Jamani, kosa ni langu. Nyumbani kwetu kuna mtu mwingine anayelaumiwa mpaka leo, na mimi nakaa kimya, nakula, nalala. Leo nimechoka. Acheni niseme.

Mimi ni mama wa biashara ndogo, nawapikia wachimbaji kule Omate. Siku moja motari mmoja, dereva wa pikipiki, aliniletea habari kutoka nyumbani Kalembe: mama ni mgonjwa sana, nije haraka. Nilifunga virago vyangu hata moto jikoni sikuuzima vizuri. Nikafika Mpofi kungoja gari.

Nani asiyejua kungoja gari pale! Mvua ilikuwa imeharibu njia, pikipiki zilikuwa zinakwama kwenye matope, na magari yalikuwa ya kubahatisha. Leo unaambiwa gari linakuja, kesho unaambiwa njia imefungwa. Unalala kwenye baraza ya duka la watu, unaamka unatazama kona ileile. Wengine walicheka na kupiga stori. Mimi nilikuwa nimekunja uso, sikutaka mtu aniulize kitu.

Pale tuna utaratibu wetu. Unaweka mzigo wako kwenye mstari, na mzigo huo ni wewe. Unaweza kwenda kuoga, kununua ndizi, hata kusali. Hakuna anayeugusa.

Mbele yangu palikuwa na kitunga kimefungwa kwa kipande cha chandarua cha bluu. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alijaribu kuniongelesha.

"Dada, unaenda wapi?"

"Mbele," nikamjibu. Mbele! Jibu gani hilo kwa mtu mzima?

Hakukasirika. Baadaye mtoto alianza kulia, akaniambia, "Dada, uniangaliliye kitunga. Niende kumutafutia mutoto maji, narudia sasa hivi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakuwa amefika mbali gari likatokea. Jipi moja limejaa watu mpaka juu ya magunia. Konvoyeri, utingo wa gari, akaruka chini, akapaza sauti, "Nafasi iko moja tu! Kitunga ya nani hii?"

Wengine walikuwa wamejibanza barazani kwa ajili ya mvua. Nilimwona yule mama kwa mbali, ameinama penye maji. Ningemwita angesikia. Lakini moyoni nilikuwa namwona mama yangu amelala kitandani, nikasema, "Mwenyewe alishaenda na pikipiki. Alikisahau."

"Kama iko hivyo, panda, mama. Ondosha hiyo kitu mu njia."

Nikakiinua kitunga kile kwa mikono yangu mwenyewe, nikakisukuma pembeni chini ya baraza. Nikapanda. Sikugeuka nyuma. Hata nilimshukuru Mungu njiani, aibu gani hii!

Nilipofika nyumbani mama alikuwa hai. Homa ilikuwa inamchoma, alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Mdogo wangu alinipokea mlangoni, akatazama nyuma yangu kama anayetafuta mtu.

"Dada yangu, haukukutana na mama moja mu njia? Hapa kwa kituo ya afya dawa imeisha. Kaka alinunua dawa ya sindano kule Walikale, akamupatia mama mwenye anakuya huku. Iko mu kitunga yake, alifunga na chandarua ya bluu."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Mdogo wangu alifikiri ni uchovu wa safari, akaniletea maji.

Ee Mungu wangu! Nilikuwa nimeishika ile dawa! Ingekuwa nimemjibu tu yule mama kwamba naenda Kalembe kwa mama yangu mgonjwa, angeniambia yote. Tungejuana pale pale. Angenipa dawa, nafasi angeniachia yeye mwenyewe.

Nilirudi barabarani. Nikangoja tena, sasa nikimngoja yule niliyemwacha. Kila mlio wa injini nilisimama. Niliomba, nililia, niliwauliza wapita njia. Walisema, "Mama, barabara imekufa, ungoje tu." Nilingoja mpaka mdogo wangu alipokuja asubuhi, hana kitambaa kichwani. Mama alikuwa amekwisha kufa.

Yule mama aliingia matanga yakiwa yamejaa watu. Ametapakaa matope, mtoto amelala mgongoni. Dawa ilikuwa kavu, ameizungushia kitenge chake cha pili. Wajomba walimgeukia kama mwizi. "Ulikuwa unatembeza dawa ya mugonjwa wapi?" Kaka yangu, naye amefika kutoka Walikale, hakutaka hata kumpa mkono.

Akaja mbele yangu, akapiga magoti.

"Dada, unisamehe. Niliacha kitunga kidogo tu, gari ikaniacha. Weye ulikuwa pale, uwaambie."

Wote walinitazama. Nami nikasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Basi. Hayo tu ndiyo yaliyonitoka!

Tangu siku hiyo kwetu anaitwa yule aliyechelewesha dawa. Tukikutana sokoni anainamisha kichwa, anaona haya mbele yangu. Mbele yangu mimi!

Ninyi mnaongoja magari, msiguse mzigo wa mtu. Haraka yako usiifanye kubwa kuliko ya mwenzako. Na huyo aliye karibu nawe, msalimie, mwambie unakwenda kwa nani. Hujui amebeba nini.

Na wewe, mama wa kitunga, kama kuna atakayekusomea haya: hukuchelewa. Mimi ndiye niliyekuacha. Nitakuja kwenu na kaka yangu, na safari hii nitasema mbele yake.