Papa Théophile na Swali Lililoingia Majini

Papa Théophile alifundisha darasa la sita hapa Kalemie kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo alipenda kazi moja kuliko nyingine zote: kuandika vitu vinne ubaoni na kuwauliza watoto ni kipi si cha kundi. Jembe, panga, shoka, sahani. Mkono, mguu, sikio, kiatu. Mimi Evodie nimekaa naye kila Jumamosi kwa miaka mitatu kwenye studio ya redio yetu, akiuliza maswali hayo hewani, kwa hiyo nikisema mtu huyu anachosha, nasema kwa ushahidi.

Hakuwa na mapumziko. Sokoni alisimama mbele ya fungu la nyanya mpaka muuzaji akanuna, kisha akainua moja na kusema hii haikuchumwa siku moja na wenzake. Kwenye msiba wa jirani yake alisoma majina ya kamati ya mazishi yaliyobandikwa ukutani, akamnong'oneza mjane kwamba wanne ni wa ukoo na wa tano hajulikani. Wakachunguza. Ilikuwa kweli, mtu yule alikuja kwa ajili ya wali.

Maswali yake yote yalikuwa na majibu, na majibu yalikaa kwenye daftari la jalada gumu alilolibeba kwapani. Kilichoandikwa daftarini kilikuwa kimekwisha. Binti yake Princesse alisoma darasani kwake, na siku moja alipewa mbuzi, kondoo, ng'ombe na bata. Akajibu mbuzi. Baba yake akamwuliza sababu.

"Mbuzi njo alikula daftari yako juzi, Papa. Wale wengine hawakukula."

Papa Théophile alifikiri kidogo, akasema sababu ni ya kweli na jibu si sahihi, akampa sifuri. Princesse sasa ni muuguzi kule Moba, ana watoto watatu, na kila akimpigia baba yake simu neno la kwanza analosema ni "mbuzi". Baba yake humjibu "bata", ndipo wanaulizana hali.

Mara nyingine aliuliza hewani: Kalemie, Moba, Kigoma, Manono. Daftari lilisema Kigoma, maana iko ng'ambo ya ziwa, nchi ya wenyewe. Wafanyabiashara wa majini wote walijibu Manono, maana huwezi kufika huko kwa boti hata ukilia. Papa Chérubin, ambaye hulala Kigoma mara mbili kwa mwezi na hajawahi kuiona Manono maisha yake yote, alikuja mpaka mlangoni mwa redio kudai pointi yake. Hakupewa. Kwa mwaka mzima hakumsalimu Papa Théophile, na Papa Théophile hakugundua.

Basi, ule mwaka ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, mji ulijaa wanaume wasiokuwa na kazi wala subira, na redio yetu ndogo ikaamua kufanya mashindano makubwa. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi alitoa zawadi ya bati ishirini na nne. Papa Théophile atatunga maswali na kuhukumu, mimi nitashika kipaza sauti. Watu hamsini na wawili walijiandikisha. Wiki baada ya wiki wakapukutika, mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba wakabaki wawili.

Wa kwanza alikuwa Papa Symphorien, kijana wa Manono anayefanya kazi ya kuandika barua kwenye ofisi moja ya serikali. Alikuwa ameazima madaftari ya zamani ya wanafunzi wa Papa Théophile na kuyameza yote. Ukimtajia vitu vitatu, yeye anakupa cha nne pamoja na jibu. Amepanga chumba kimoja, hana hata ukuta wa kuwekea bati, ila alipenda kushinda.

Wa pili alikuwa Mama Adrienne, mjane, anayeanika na kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Aliteremka kutoka pande za Fizi akiwa msichana, na shule aliiacha darasa la tatu. Lakini kwa miaka thelathini amekuwa akiinama juu ya ndagala na kutoa kwa vidole kila kisichokuwa ndagala: kijiwe, jani, samaki wa aina nyingine, mara moja kifungo cha shati. Macho yake yalikuwa yameshafanya mtihani huu kabla Papa Symphorien hajazaliwa.

Yeye bati alizihitaji. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda miaka ile na kuingia kwenye nyumba za chini, na nyumba yake ilikuwa ya chini. Alikuwa amesimamisha kuta nne mlimani, kwenye kipande cha ardhi alichopewa na shemeji yake, na kuta hizo zilikuwa zikitazama mbingu tangu mwezi wa tano. Mvua zingeanza mwezi wa kumi. Matofali yale yalikuwa mabichi, ya udongo mtupu, na kila mtu anajua mvua inafanya nini na udongo. Wakati ule, Mama Adrienne alikuwa bado analala kule chini.

Siku hiyo tulijaza uwanja wa redio. Watu walikaa juu ya viti vya kanisa, ndoo zilizopinduliwa na ukuta wa jirani. Papa Théophile alivaa suti yake ya rangi ya kahawa na viatu alivyovipaka rangi mpaka vikang'aa. Baada ya maswali kumi na nane, washindani walikuwa sawa, tisa kwa tisa. Lilibaki swali moja.

Papa Théophile akafungua daftari. Akasoma polepole, kama anavyosoma kila kitu.

"Wavu. Mutumbwi. Nyumba. Samaki."

Papa Symphorien alikuwa ameshajibu "nyumba" kabla sijamfikishia kipaza sauti. Mama Adrienne akapangusa midomo kwa kitenge.

"Samaki," akasema.

Watu wakaguna. Papa Théophile akamwomba aeleze, maana kueleza kuliruhusiwa hata kama hakukusaidia kitu.

"Wavu iko mu maji, Papa Mwalimu. Mutumbwi iko mu maji. Nyumba yangu iko mu maji. Samaki, miye sijaona hata mumoja tangu mwezi wa tano."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka mmoja mmoja.

"Mama Adrienne," akasema Papa Théophile, "nyumba haikai mu maji."

"Ya weye haikai."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Papa Théophile anakaa juu kabisa, karibu na parokia, ambako maji huyaona kwa kuangalia chini. Nilikuwa na hakika atafunga daftari na kutangaza jibu. Niliona kidole chake kiko juu ya neno lenyewe, *nyumba*, limepigiwa mstari mara mbili. Lakini hakutangaza. Aliuliza nyumba hiyo iko wapi.

Nilikasirika, sifichi. Jua lilikuwa linawaka, nilikuwa sijala, na betri ya kinasa sauti ilikuwa inaisha. Nikaziba kipaza sauti kwa mkono nikamwambia, "Papa, toa pointi kwa yule unayetaka, tuende kwetu."

"Siwezi kusahihisha kile sijaona," akasema.

Tukateremka. Mbele Mama Adrienne, nyuma yake Papa Théophile na daftari, kisha Papa Symphorien, kisha mimi nikirekodi kwa simu, kisha nusu ya mji. Kwenye kona ya mwisho barabara iliingia majini bila kutoa taarifa. Papa Théophile alisimama, akavua viatu, akaweka soksi ndani ya viatu, akafunga kamba za viatu pamoja na kuvitundika shingoni. Akakunja suruali mpaka magotini. Suti yote iliyobaki aliiacha ilivyo, na tai.

Maji yalitufika chini kidogo ya goti. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ndiyo sababu ilikuwa bado imesimama. Wavu wa zamani ulikuwa umelala chini ya maji, umenasa kwenye jiwe la kizingiti. Papa Théophile aliutazama, akaweka alama daftarini. Mtumbwi wa kaka yake Mama Adrienne ulikuwa umefungwa kwenye nondo za dirisha la sebule. Akaweka alama. Kisha akaingia ndani, akagusa ukuta, akatazama mstari wa maji ulivyouzunguka, akainama kabisa kuona kama nyumba imo majini au maji yamo nyumbani. Aliona ni yote mawili. Akaweka alama ya tatu.

"Samaki sasa," akasema.

Tukapita chumbani. Humo hamkuwa na kitu isipokuwa kitanda. Kila mguu wa kitanda ulisimama juu ya matofali matano. Mama Adrienne alieleza, bila kuulizwa, kwamba mwaka wa kwanza yalikuwa mawili.

Ndipo samaki akatoka chini ya kitanda.

Alikuwa mdogo, urefu wa kidole. Alipita katikati ya miguu ya Papa Théophile, akazunguka mguu wa kitanda kana kwamba anajua njia, akarudi kivulini. Tulimwona sote. Papa Symphorien alinyoosha kidole. Niseme ukweli: kama ningekuwa na wepesi, ningemkanyaga. Miezi mitatu wavuvi wamekaa mikono mitupu, na huyu mmoja alichagua chumba hiki, saa hii.

"Samaki iko," akasema Papa Théophile.

"Iko," akasema Mama Adrienne. Sauti yake haikubadilika, ila mkono wake ulishika ubao wa kitanda na kubaki hapo. Bati zilikuwa zinaondoka na alikuwa anaziona.

Papa Théophile akaweka alama ya nne. Kisha akalitazama daftari muda mrefu, alama nne zimepangana, hakuna iliyobaki nje. Alilisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu. Mimi nimemjua mtu huyu miaka mitatu, sikuwahi kumwona akisoma mstari mmoja mara mbili.

"Vyote vine viko mu maji," akasema. "Swali haina jibu. Mama amekosa. Papa Symphorien naye amekosa."

"Lakini miye nilijibu sawa na karatasi!" akasema Papa Symphorien.

"Ndiyo. Umekosa pamoja na karatasi." Akaligonga daftari kwa kalamu. "Na karatasi ni ya miye."

Nyuma yetu mtu mmoja alisema maji yamezidi unga, na mke wake akamwambia anyamaze. Papa Théophile akachukua kalamu na kulifuta swali kwa mstari mmoja ulionyooka. Akasema tutauliza jingine, hapa hapa. Aligeuza karatasi na kuona ni tupu. Hajawahi kuuliza swali ambalo halijalala daftarini angalau wiki mbili. Akainua macho, akatafuta chumbani.

"Ukuta," akasema. "Mulango." Akageuka. "Kitanda. Maji."

Lilikuwa swali la mtoto wa darasa la pili. Nilielewa anachofanya, nafikiri hata samaki alielewa: mzee alitaka mwenye nyumba alipate. Lakini swali la kwanza lilikuwa limefutwa, hivyo zamu ya kuanza ilibaki ya Papa Symphorien, kanuni ni kanuni, na Papa Symphorien hakuwa amekuja hapa kucheza.

"Maji," akasema.

Papa Théophile alifumba macho kidogo. Mama Adrienne akisema maji pia, watakuwa sawa tena, na tutasimama hapa mpaka miguu ioze. Nikamsogezea simu.

Yeye alikuwa bado ameshika ubao wa kitanda. Alitazama ukuta, akatazama mlango ambao haufungiki tena kwa sababu mbao zimevimba. Alichukua muda wake, kama vile ana kilo moja ya ndagala mbele yake na mnunuzi amesimama.

"Kitanda," akasema.

"Mama Adrienne." Papa Théophile alisema kwa upole, karibu kumwomba. "Fikiri muzuri."

"Nimefikiri, Papa Mwalimu. Ukuta itabaki hapa. Mulango itabaki. Maji nayo itabaki, nimeingojea itoke miaka yote hii, haitoki. Kitanda njo nitaenda nayo."

Hakuna aliyeguna. Nilisikia maji yakipiga mtumbwi nje, na nikaona kwamba ninalia, jambo ambalo sikulipanga.

Papa Théophile alisimama na viatu vyake shingoni.

"Papa Symphorien," akasema, "jibu yako njo ile iko mu kichwa yangu. Lakini kichwa yangu imeisha kukosa mara moja leo."

Akaandika neno moja kwenye karatasi tupu, *kitanda*, na mbele yake pointi moja. Hakulipigia mstari. Kisha akamwomba Papa Symphorien ashike kitanda upande wa kichwa, yeye akashika upande wa miguu, na Mama Adrienne akatangulia kutuonyesha njia ya mlimani.