Rangi ya Viatu kwenye Makochi ya Hoteli

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, hewa nzito, nguo hazikauki kambani.

Hali kama hiyo jirani yangu haipendi. Kazi yake ni kusafisha na kufufua makochi ya ngozi, na ngozi yenye unyevu haipakwi krimu. Ukiipaka umefungia maji ndani, na haichukui muda kuanza kunuka ukungu. Kwa kusubiri kwake watu walimpachika jina la Bi Pole. Karakana anashirikiana na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Yeye husafisha; shemeji hubeba na kuongea na wateja.

Jumamosi aliosha makochi ya ukumbi wa hoteli kwa sifongo na sabuni laini. Yakipendeza, angepewa na ya vyumbani.

"Usiyaguse mpaka nirudi," alimwambia shemeji, maana alikuwa anakwenda kumuuguza mama yake.

"Shemeji, huyu ng'ombe alishakufa zamani. Unamsubiri apumue?"

"Angalau yeye ametulia. Wewe je?"

Wakacheka, akaondoka.

Jumanne aliporudi aliitwa hotelini. Makochi yalikwisha kurudishwa, yanang'aa kama kioo, na mgeni mmoja amesimama na suruali nyeupe yenye doa la kahawia makalioni. Bi Pole alikandamiza kitambaa kwenye kiti, akakinusa. Rangi ya viatu. Kabla hajafungua kinywa, shemeji alimwahi.

"Bosi, kupaka ni kazi yake. Mimi mbebaji tu. Nilimwonya."

"Mimi nilikuwa kwa mama!"

"Basi, mama, inatosha," meneja alisema. "Shemeji yako atayarekebisha. Na ya vyumbani atafanya yeye."

Jioni alimweleza mumewe kwamba makochi yameharibika na lawama ametupiwa yeye. Aliishia hapo, akawasha jiko.

"Yaishe, mke wangu. Ni mdogo wangu yule, nimfanyeje?" Mume akainama kuvua soksi. "Hivi, rangi ya viatu ikishakolea kwenye ngozi, inatolewa na nini?"

Bi Pole alimtazama.

"Nani kakuambia ni rangi ya viatu?"

Soksi ya pili ikachukua muda mrefu kuvulika.

"Alinipigia Jumapili. Aliona hayakauki, akataka yang'ae haraka. Akaniomba nisikwambie, utapiga kelele."

"Jumapili ulinipigia kuuliza hali ya mama."

"Ndiyo."

"Makochi yalikuwa bado karakana. Ningekuja nikayafuta."

Mume alikunja soksi vizuri, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Asubuhi yake Bi Pole alifika karakana kabla shemeji hajafungua. Alitoa brashi zake, ndoo, sifongo na makopo ya krimu, akavipakia kwenye mkokoteni, akavipeleka kwa dada yake, akavipanga barazani. Swali la mumewe, rangi ya viatu inatolewa na nini, hakulijibu.