Nyufa Tatu za Lambo la Kimali

Afadhali nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Soko la pamba lilipofunguliwa, kampuni mpya ya kuchambua pamba ilinituma Kimali kupima kama tuta la lambo la kijiji, bwawa la kunyweshea ng'ombe, lingehimili mvua. Nikalichora tuta kwenye kompyuta. Hesabu zilikuwa nzito, basi nikaligawa vipande vinne kwa kompyuta nne, kila moja na chake. Picha ilipotoka, ndani ya tuta zilionekana kuta tatu nyeusi, kutoka juu hadi chini.

Nyufa! Nikakimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masanja. Yowe likapigwa, maji yakafunguliwa yatoke, kiangazi kile kile, na wanaume wakachimba tuta kwa majembe hadi jioni. Udongo ulikuwa mzima, mgumu kama kichuguu.

Mzee Masanja akaishika picha yangu kwa vidole vyenye tope.

“Baba, ufa gani huu umenyooka kama umepigwa rula? Na vipande vyote vinalingana!”

Nikahesabu: vipande vinne, mipaka mitatu. Kompyuta zilikuwa zimechora uso wa kila kipande, hata pale vilipogusana.

“Nani amelikata hili tuta?” Mzee akauliza.

“Mimi,” nikasema.

Nyuma yake ng'ombe walikuwa wamerudi kunywa. Walikuwa wanalamba tope.