Sifuri Niliyompa Baba

Mpaka leo sipigi pasi. Nguo zangu hupigwa na jirani, tena kwake, mlango umefungwa, maana harufu ya shati bichi likiguswa na pasi ya makala, yaani mkaa, hunirudisha mtaani kwetu Bel-Air, kwenye baraza letu, nilipokuwa na miaka kumi na miwili na mdomo mrefu kuliko umri wangu. Nikisharudi pale, jamani, siku yangu imeharibika.

Baba alikuwa mtunza depo: aligawa misumari, grisi, glavu na madaftari kwenye karakana moja ya machimbo. Karakana ikapata mabwana wapya wanaosema Kiingereza, nao wakatangaza kwamba kila anayeandika vitabu vya depo atafanya mtihani. Maneno hamsini, kila neno limeandikwa namna mbili, wewe unazungushia lililo sahihi. Ukishindwa, kazi basi. Walimpa wiki mbili, karatasi za mazoezi, na majibu yake kwenye karatasi ya peke yake.

Sasa mjue kwamba nyumbani kwetu baba alikuwa mfalme wa dikte. Kila Jumamosi, bukari, ugali wetu, ikishashuka tumboni, alinisomea Kifaransa polepole, mimi naandika, kisha anasahihisha kwa biki nyekundu. Kila kosa lilikula pointi mbili kati ya ishirini. Ukifikisha makosa kumi ni sifuri, hata ukurasa wote uliobaki uwe safi kama sahani ya padri. Na sifuri haiishi mpaka mzazi asaini. Mzazi mwenyewe ni yeye! Nilimpelekea kwa magoti ile sifuri aliyoniandikia dakika mbili nyuma, naye aliipokea kwa huzuni kana kwamba imetoka mbali.

Kwa hiyo aliponiomba nishike majibu na biki nyekundu, nilifurahi, sitawaficha. Mama alisema tu mkuki kwa nguruwe mtamu, akaendelea kuchambua majani ya sombe.

Baba alikuwa na kanuni yake: ukikwama, chagua lile linalofanana na Kifaransa. "Kingereza iko mutoto wa Kifaransa," alinieleza, "na mutoto anafwata mama." Basi kwenye anuani alizungushia adresse, kwenye mfano akazungushia exemple, tena kwa nguvu, biki ikitoboa karatasi. Kumbe Kiingereza ni mtoto asiyesikia la mama. Tulipofika kwenye stationary na stationery, yeye aliyegawa vitu vya kuandikia miaka yote ile, alitazama mabati kama mtu anayetafuta panapovuja. Mimi nafyonza meno. Na mimi, niwaambie ukweli, sikujua hata moja. Ungenipokonya yale majibu ungenikuta sina tofauti na mbuzi.

Mchana wa siku moja kabla ya mtihani mama alikuwa barazani akipiga pasi shati jeupe. Baba akamaliza karatasi ya mwisho. Nilihesabu makosa: kumi. Niliandika sifuri kubwa, nikaipigia mistari miwili chini kama alivyokuwa akifanya, nikakaza sauti iwe yake.

"Zero. Na muzazi asaini."

Mama alicheka, kisha akainamia pasi yake. Baba naye alicheka. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa lile shati, bado la moto.

"Minasikia, mwalimu," akasema.

Asubuhi aliondoka akinukia pasi. Alirudi jioni, udongo mwekundu umempanda mpaka kwenye vifundo, na njia ya kazini kwao ilikuwa lami tupu. Alisema mtihani umesogezwa mbele. Wiki nzima alitoka na shati lake, akarudi na udongo wake, na hakuna aliyemwuliza. Mpaka rafiki yake wa karakana alipokuja kumwuliza mama kwa nini mzee hakuonekana siku ya mtihani, wakati jina lake liliitwa mara tatu. Mama aliiweka pasi chini. Lile shati halikupigwa tena.

Hakuna aliyenigombeza. Ningepigwa ningeshukuru. Baba alianza kulima kwenye shamba la mama yake, bibi yetu tuliyemwita Kambo, kule Annexe, pembeni ya mji, ambako lami haifiki, akaleta mjini makala kwa kinga, baiskeli yake. Dikte zikaisha. Sikudhani ingefika siku nitamani sifuri, lakini nilizitamani.

Kambo, ambaye hakusoma hata siku moja, alifariki mwaka jana. Tukiwa kwenye kilio, shangazi alinipa kopo la bati la marehemu nipange vilivyomo. Chini ya kadi ya ubatizo nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Sifuri yangu, na pembeni yake alama ya kidole gumba, nyeusi, ya masizi ya chungu. Ndipo nilipojua udongo wa siku ile ulitoka wapi.

Nilihesabu upya. Makosa kumi, ndiyo. Sahihi arobaini. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari wa Kiingereza. Siku hizi Kiingereza ndicho kinachonilisha, nawaandikia barua wenye malori ya mpakani, kwa hiyo niliusoma bila shida: anayepata ishirini na tano amefaulu. Hatukuwahi kufika kwenye mstari ule. Yeye alitazama maneno, mimi nilitazama makosa.

Baba aliingia kuchukua viti vya wageni. Ameinama siku hizi, mikono haitakati. Aliona kilicho mkononi mwangu, akasimama kidogo.

"Kambo alisaini," akasema. "Ulisema muzazi asaini."

Nilifungua mdomo, ule mdomo wangu mrefu, nimwambie kuhusu arobaini. Alikuwa amekwisha beba viti viwili, anatafuta mlango kwa mguu. Nikamfungulia.